«Tulipomgeuza papa, alitoa sauti»

*Barua ya msomaji*

Mama Mshauri, jambo.

Naandika usiku kwa sababu usingizi umenikimbia. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu, kifungua mimba wa papa, yaani baba yetu. Papa alifariki wiki tano zilizopita, akiwa na miaka 66. Alikuwa na tansiyo (presha ya damu) tangu zamani, na vidonge alimeza siku akikumbuka. Mama yetu alikufa mwaka 2014. Mwaka 2018 papa akaoa tena, mwanamke ambaye leo ana kama miaka 38, na ana mtoto wa kiume wa miaka 4. Walikuwa wanaishi Kadutu, katika nyumba ambayo papa aliijenga na mama yetu. Mimi nakaa avenyu ya pili yake.

Ile Jumatano papa alikula bugali na sambaza saa 2 usiku. Mama mdogo, yaani huyo mke wake, ndiye aliyepika. Papa akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Saa 11 alfajiri mama mdogo alikuja kugonga mlango wangu, miguu mitupu. Nilimkuta papa chini ya blanketi mbili, kifua bado kina joto. Muuguzi jirani yetu alikuja, akamshika shingoni, akamulika macho kwa tochi ya simu, akasema: papa amekwenda.

Saa 2 asubuhi tulianza kumwosha, mimi, mtoto wa baba mkubwa, na mzee mmoja wa shirika letu la kanisa. Nilimnyoa ndevu kwa mkono wangu. Taya lilikuwa limekwisha kukaza, tukalifunga kwa kipande cha kikwembe. Tulipomlaza ubavu ili tuoshe mgongo, papa alitoa sauti. Haikuwa kelele. Ilikuwa mguno, kama mtu anayejigeuza usingizini. Yule mzee aliangusha kitambaa ndani ya beseni akatoka nje. Mimi nikasema «ni hewa tu», nikaendelea kuosha. Sikujua kama ni hewa. Nilisema tu.

Ndipo tukaona mgongo. Papa alikuwa maji ya kunde, na mgongo wake wote ulikuwa umegeuka zambarau, hasa kiunoni. Nilifikiri ni uchafu, nikasugua, haukutoka. Nikabonyeza kwa kidole gumba, pakapauka, kisha ile rangi ikarudi. Lakini mabegani na makalioni palibaki na rangi yake ya kawaida, na mtoto wa baba mkubwa akasema: hizi ni alama za mikono, huyu alikandamizwa, au alilishwa kitu. Mimi nikasema, hata mimi naona hivyo. Maneno hayo yalitoka katika kile chumba kabla hata hatujamvika papa suruali.

Tulimpeleka morgi, chumba cha maiti. Pesa ya formoli, dawa ya kuzuia mwili usioze, haikupatikana mpaka Ijumaa jioni, na umeme ulikuwa unakwenda na kurudi. Jumamosi tulipomrudisha nyumbani ili watu wamuage, tumbo lilikuwa limevimba, uso umekuwa mweusi, na ndevu nilizonyoa zilikuwa zimeota tena. Mama mdogo alipoinama juu ya sanduku kumuaga, povu lenye damu likamtoka papa puani. Watu walipiga yowe. Baba mkubwa akasema mbele ya wote: «Damu imemtambua aliyeimwaga. Ni karuho.» Yaani sumu ya kulishwa kwa siri.

Tangu siku ile mama mdogo hatoki nje. Vijana wa mtaa wamekwisha kupiga mawe kwenye bati mara mbili. Jumamosi hii inayokuja ni mkutano wa familia. Baba mkubwa anataka mama mdogo na mtoto wake waondoke katika nyumba, na mimi ndiye wa kusimama kusema nilichoona wakati wa kuosha, kwa sababu yule mzee amekataa.

Mama, kuna mambo mawili yananisumbua. La kwanza sijamwambia hata mke wangu: kama papa alitoa sauti, si alikuwa hai? Si mimi niliyempeleka kwenye baridi akiwa hai? La pili: niseme nini Jumamosi? Nikisema nilichosema, labda namwonea mtu. Nikikana, wadogo zangu watasema nimemuuza papa.

*Mwalimu asiyelala, Bukavu*

*Jibu*

Mwanangu, pole kwa papa, na pole kwa hizi wiki tano.

Mimi kabla ya kukalia kiti hiki nilikuwa muuguzi miaka mingi, na maiti nimeosha nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kwa hiyo nitakujibu kwanza kwa mikono, ndipo tuje kwenye mambo ya familia. Nianze na ile sauti. Umeiandika katikati ya barua, na ukaendelea na mgongo haraka kama ulivyoendelea na beseni siku ile.

Mtu akikata roho, hewa haitoki yote mapafuni. Inabaki mle, na gesi nyingine inabaki tumboni. Ukimgeuza ubavu, uzito wa mwili wake mwenyewe unabana kifua kama mhunzi anavyobana mvukuto, hewa inapanda kooni, inapita kwenye nyuzi za sauti, nazo zinalia. Ni nyuzi zilezile za papa yako, ndiyo maana sauti ilikuwa yake. Mimi mara ya kwanza niliposikia nilikuwa na miaka 22, niliangusha ndoo na kukimbia mpaka getini. Yule mzee wa shirika hakuwa mwoga. Na wewe uliposema «ni hewa tu» ulisema kweli bila kujua.

Lakini usiniamini kwa sababu ya ndoo yangu. Tazama uliyoyaona wewe mwenyewe. Taya lilikuwa limekaza. Misuli inahitaji nguvu hata kujilegeza. Damu ikisimama, ile nguvu inakwisha, na nyuzi za misuli zinakwama pale zilipo. Kwa kawaida huanza kati ya masaa 2 na 4 baada ya kifo. Kope, taya na shingo hutangulia, kisha mikono na miguu. Kufikia masaa 12 hivi mwili wote ni kama ubao, na baada ya siku moja na nusu au mbili unalegea tena. Kuhusu joto la kifuani: mwili wa mtu mzima hupoa kiasi cha digrii 1 kwa kila saa, na chini ya blanketi mbili hupoa polepole zaidi. Joto la saa 11 alfajiri linaonyesha tu kwamba alikuwa amefariki usiku uleule.

Sasa mgongo. Moyo ukisimama, damu haina wa kuisukuma, inafanya kama maji yoyote, inateremka. Papa alikuwa amelala chali, ikateremkia mgongoni. Ndani ya saa moja au mbili doa linaonekana, na linazidi kukolea masaa yanavyokwenda. Pale ambapo mwili umeegemea kitanda, mishipa midogo imebanwa na damu haipati nafasi ya kuingia: kwenye mabega, makalio, pengine na visigino. Zile alama za mikono, mwanangu, zilichorwa na godoro. Na kile ulichofanya kwa kidole gumba, madaktari wanaochunguza vifo hufanya hichohicho. Damu iliyoteremka, ikiwa bado iko ndani ya mishipa, ukibonyeza inakimbia kisha inarudi, mpaka yapite masaa 8 au 12 hivi, ndipo inaganda mahali pake. Jeraha la kupigwa au kukandamizwa ni damu iliyokwisha kutoka nje ya mishipa, nayo hata ubonyeze vipi haipauki.

Unaona tulipofika? Doa lile mgongoni halitokei kwa mtu ambaye moyo wake unapiga. Kitu kilekile ambacho familia inakishika kama ushahidi juu ya mama mdogo ndicho kinachokuambia wewe kwamba papa alikuwa amekwisha kwenda kabla hamjamgusa. Hukumpeleka kwenye baridi akiwa hai.

Nikuulize kitu kwa upole, nawe usikasirike. Ilipita dakika ngapi kati ya ule mguno na yale maneno «hata mimi naona hivyo»? Kwa jinsi ulivyoandika, hazikufika tano. Katika chumba kimoja yaliingia maswali mawili: je, mimi nimemuua papa, au ni yule mwanamke? Sisemi ulipanga. Nimeona watu wema wakifanya hivyo wakiwa bado wameshika sabuni. Mtu akiwa na hofu isiyosemeka, mkono wake unatafuta pa kuiweka, na siku ile aliyekuwa karibu alikuwa mke wa papa, aliyepika. Kama hofu ya kwanza ingekuwa na jibu asubuhi ileile, je, lile neno la pili lingetoka kinywani mwako? Mimi siwezi kujua. Wewe ndiye uliyekuwepo.

Ya Jumamosi ile ya kumuaga papa ni marefu kidogo. Tumboni mwetu wote kuna vijidudu vinavyotusaidia kusaga chakula. Tukifa havifi. Vinaanza kula nyumba vilimokuwa vikiishi, na vinatoa gesi. Kwa kawaida dalili ya kwanza ni rangi ya kijani chini ya tumbo upande wa kulia, siku ya pili au ya tatu, halafu tumbo linavimba, uso unajaa na kubadilika rangi. Baridi ya morgi huzuia hayo yasiende mbio, na formoli huyazuia zaidi. Ninyi mlikuwa na umeme wa kukatika na formoli iliyochelewa kwa siku moja na nusu. Gesi ikijaa inasukuma juu yale maji mekundu ya mapafuni na tumboni, yanatafuta njia puani na mdomoni. Sasa fikiria: sanduku limepakiwa kwenye gari, limerushwa na mashimo ya barabara za Kadutu, limewekwa sebuleni kati ya watu wanaopumua na kulia, kila mmoja anaegemea ubavuni mwake. Ungekuwa wewe umeinama, povu lingetoka mbele yako. Angekuwa baba mkubwa, lingetoka mbele yake.

Baba mkubwa si wa kwanza kusema alichosema, tusimcheke. Mfalme James wa Scotland aliandika mwaka 1597 kwamba maiti ikiguswa na mwuaji wake inatoa damu, na huko Ulaya watu walikuwa wanaletwa mbele ya maiti wajaribiwe kwa njia hiyo, wengine wakahukumiwa. Jicho la mfiwa ni lilelile popote.

Na ndevu, hazikuota. Nywele na kucha zinahitaji damu inayoleta chakula. Ngozi ndiyo iliyokauka na kurudi nyuma, mashina uliyoyaacha chini ya wembe yakajitokeza.

Nimeeleza sana, na huenda sasa unafikiri ninakuambia kwamba mama mdogo hana kosa. Hapana, hapa ndipo nataka uende taratibu pamoja nami. Yote uliyoyaona yanaweza kutokea kwa maiti yoyote, aliyekufa kwa tansiyo na aliyekufa kwa sumu. Kwa hiyo hayamshitaki mtu, na kwa sababu hiyohiyo hayamsafishi mtu. Mtu wa miaka 66 mwenye tansiyo isiyotibiwa vizuri, anayelala na maumivu ya kichwa, anaweza kufa usingizini kwa mshipa wa kichwani au kwa moyo. Hilo hutokea sana. Hakuna daktari aliyempima papa. Pia karuho ninayoisikia ikisimuliwa tangu utoto wangu humkausha mtu kwa miezi, haimchukui kati ya chakula cha jioni na alfajiri. Lakini masimulizi ni masimulizi, nami sitaki kupinga uvumi kwa uvumi.

Basi tuje kwenye Jumamosi ya mkutano. Ukisimama ukarudia maneno ya siku ile, sauti yako haitakuwa kama ya vijana wa mawe. Ni kifungua mimba, ni mwalimu, ndiye aliyeosha. Hapa kwetu tumeona neno karuho linavyoweza kufikisha watu penye moto, na neno likishatoka nje ya ua hakuna baba mkubwa wa kulirudisha. Kuna na sheria pia: kumtuhumu mtu hadharani jambo la namna hiyo bila kulithibitisha ni kosa, na mjane anaweza kushitaki, hata kama wengi hawathubutu.

Ukisimama ukakana kila kitu, nako kuna hatari, umeiona mwenyewe. Watasema umelishwa na wewe. Wadogo zako wanaomboleza, na mtu anayeomboleza mara nyingine anahitaji awepo mkosaji, maana kifo kisicho na mkosaji ni kigumu kukishika. Ukimnyang'anya ghafla mbele ya watu, atakugeukia wewe. Kwa hiyo fikiria kama kuna njia katikati: kusema ulichoona bila kusema maana yake. «Mgongo ulikuwa na doa, nilibonyeza likapauka. Wakati ule nilidhani hivi. Nimeuliza, nimeambiwa hivi.» Mwalimu anajua kusema «nilikosea hesabu» bila kuvunjika. Hata hivyo siwezi kukuahidi kwamba watu wataipokea.

Wengine wangetangulia kwa baba mkubwa wakiwa wawili tu, kabla ya Jumamosi, pamoja na yule muuguzi jirani au daktari ambaye familia inamheshimu, ili mzee asiambiwe mbele ya vijana kwamba hakujua. Mzee aliyeaibishwa hugeuka jiwe. Mzee aliyeulizwa shauri mara nyingine hupata mlango wa kutokea. Wewe unamjua, mimi simjui. Kama ni mtu ambaye ukimwambia jambo leo kesho analo sokoni, basi njia hii inaweza kukuharibia. Na yule mzee wa shirika aliyekataa kusema, umemwuliza sababu?

Kuna na parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kama familia kweli inaamini papa aliuawa, mahali pa kusema hivyo ni pale, na wao ndio wanaoweza kuamuru daktari achunguze, hata kufukua. Lakini jua mnachoomba. Wiki tano zimepita na formoli imeingia mwilini. Sumu za madini kama arseniki hukaa kwenye nywele na mifupa kwa miaka. Nyingine huharibika pamoja na mwili, na formoli yenyewe inavuruga vipimo. Mnaweza kutumia pesa, kumtoa papa kaburini mbele ya watoto, na kurudishiwa karatasi inayosema sababu haikuonekana. Kuna familia zingepumzika kwa karatasi hiyo, kuna nyingine zingegombana zaidi.

Jambo moja zaidi, nalo ni gumu kuliko sayansi. Ile nyumba. Umeniambia ilijengwa na papa na mama yenu, na nimesikia uchungu wake. Mama mdogo akiondoka, nyumba inabaki kwenu. Kama ndoa yao ilisajiliwa, Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, hata kama wenye urithi ni watoto. Yawezekana hayo hayajakupita kichwani kabisa. Lakini yamewapita wengine, na Jumamosi mtakaa kwenye viti vya plastiki mkizungumza juu ya damu, huku baadhi wanazungumza juu ya bati na kiwanja. Mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa? Mkutano mmoja wa urithi, mwingine wa kifo? Sijui kama baba mkubwa angekubali, lakini swali lenyewe litakuonyesha nani anataka nini.

Halafu katika barua yako umeandika «mtoto wake». Yule wa miaka 4 ni mdogo wako, mwanangu. Ana taya la papa, labda.

Jambo la mwisho ninalolitafuta kwenye barua yako na silioni. Umeandika alichosema muuguzi, mtoto wa baba mkubwa, baba mkubwa mwenyewe, hata walichofanya vijana. Mtu pekee aliyekuwa kitandani na papa usiku ule hana hata sentensi moja. Alifika mlangoni kwako miguu mitupu, basi, barua inamwacha pale. Ukiona inafaa kwenda kabla ya Jumamosi, nenda mchana, na mke wako, mlango ukiwa wazi, msikae mkila kitu ambacho kesho kitageuzwa hadithi. Mwulize aliamka saa ngapi. Mwulize alisikia nini.